UZI: Shule ya upishi ipimwe kwa saa za jikoni, si kwa uzuri wa sertifika

Mpishi wa Himbi (mwanzisha uzi)

Ndugu zangu, salamu kutoka Goma. Katika wiki hizi mbili wazazi watatu wameniuliza swali lile lile, mmoja wao akinisimamisha katikati ya soko la Virunga akiwa na kikapu cha lenga-lenga mkononi: ni wapi mtoto wake aliyemaliza sekondari anaweza kujifunza upishi wa kazi, yaani upishi wa kuajiriwa hotelini au wa kufungua nyumba yake ya chakula. Wote niliwajibu kwa haraka, na kila mara nilipofika nyumbani nilijuta kwamba sikuwaambia yaliyo ya maana. Ndiyo sababu naandika hapa kwa urefu.

Mimi nina miaka 17 jikoni. Nilianza kwa kuosha sufuria katika nyumba ya wageni, nikapewa kazi ya kumenya viazi, nikawekwa kwenye mboga, halafu kwenye nyama, na nilikuwa nimekwisha kupokea mshahara wa mpishi kabla sijakaa darasani hata siku moja. Nilipokaa darasani baadaye, ndipo nilipofahamu ni mambo mangapi niliyokuwa nikiyafanya kwa mazoea bila kujua sababu yake. Kwa hiyo siidharau shule, wala simdharau aliyejifunzia motoni. Mama anayepika vizuri nyumbani mara nyingi anamshinda mpishi wa hoteli kwa ladha. Mahali ambapo mpishi wa kazi hana budi kumpita ni kwenye kipimo: lazima aweze kutoa sahani ile ile Jumatatu na Jumamosi, kwa watu 4 na kwa watu 400, kwa gharama anayoijua, bila kumdhuru mlaji. Shule inayofundisha kupima uzito, muda, joto na bei inafundisha ufundi. Isiyofundisha hayo inauza karatasi.

Na karatasi zinauzwa kweli. Iko shule moja, sitaitaja, ambayo ilikuwa na wanafunzi wapatao 40 na jiko moja la gesi. Mwalimu alisoma mapishi kwa Kifaransa, wanafunzi wakayaandika daftarini kwa miezi mitatu, na siku ya mtihani walipika mayai kwa makundi ya watu wanane. Kijana mmoja aliyetoka huko aliletwa jikoni kwangu na sertifika yenye muhuri mwekundu. Aliweza kuniandikia neno béchamel (mchuzi mweupe wa maziwa) bila kosa hata moja, lakini hakuweza kuniambia ni unga kiasi gani unaoingia katika lita moja ya maziwa. (Ni gramu 60 hadi 70, na siagi kiasi hicho hicho.) Sikumkasirikia hata kidogo, kwa maana mama yake alikuwa ameuza mbuzi wawili ili kulipa minervali, yaani karo ya shule.

Mzazi akienda kuiona shule, asiridhike kuonyeshwa ofisi; aombe kuonyeshwa jiko, na aende siku ya masomo, saa ambayo moto unapaswa kuwa umewashwa. Ahesabu wanafunzi, kisha ahesabu majiko. Aulize vyakula vya mazoezi vinanunuliwa na nani, kwa sababu ziko shule ambazo minervali yake haifiki hata kwenye kitunguu, na mwanafunzi asiye na pesa za kuleta kuku anabaki kuwatazama wenzake. Aangalie kama kuna mizani mezani na kipimajoto mfukoni mwa mwalimu. Aulize mwalimu huyo amepika wapi, na mara ya mwisho ilikuwa lini.

Liko swali jingine ambalo wazazi hawaliulizi, nami ndilo linaloniuma zaidi: je, sombe, yaani majani ya muhogo, inafundishwa? Katika shule nyingi za kwetu miezi ya kwanza yote ni michuzi ya Kifaransa. Michuzi hiyo naiheshimu, kwa kuwa inamfundisha mtu jinsi unga, mafuta na maji vinavyoshikana. Lakini mteja anayeketi mezani Goma anataka bugali, sambaza (samaki wadogo wa ziwani), sombe, maharagi na nyama ya mbuzi, na vyakula hivyo ndivyo ambavyo hakuna aliyetuandikia vipimo vyake. Niliwahi kumwomba mama mmoja wa malewa (mgahawa mdogo wa mtaani) kule Birere, hapa Goma, aniruhusu kupima kila anachotia katika sufuria yake ya maharagi kwa wiki nzima. Alinicheka siku ya kwanza, siku ya pili akanizoea. Chumvi yake, kwa sufuria ya lita 20, haikutofautiana zaidi ya gramu chache kati ya siku na siku. Mkono wake ulikuwa mizani, ila siku atakapoacha kupika, mizani hiyo itaondoka naye. Shule ya upishi iliyoko Goma ingemwajiri mama yule awe mwalimu, ikamweka kando yake mtu wa kuandika.

Mama wa Kadutu

Papa, nakushukuru kwa maneno haya. Mimi ni mzazi wa Bukavu, na binti yangu ana miaka 19 na diploma ya serikali mkononi. Moyo wake wote uko kwenye upishi. Amesikia habari za shule ya Paris iitwayo Le Cordon Bleu na hazungumzi kitu kingine. Kaka yangu anasema ni heri aende Nairobi, na baba yake anasema upishi si masomo, kila msichana anaujua. Mimi niko katikati yao. Tafadhali nieleze kwa utulivu, je, safari ya mbali ndiyo inayomfanya mtu kuwa sefu, yaani mpishi mkuu?

Mpishi wa Himbi

Mama, pokea heshima zangu, na umpelekee pia baba wa binti. Nitaanza na neno lake, kwa kuwa analisema kwa nia njema na wengi wanafikiri kama yeye. Kila msichana anajua kupika, ni kweli, kama vile karibu kila mtu anavyojua kushona kifungo. Lakini hatusemi kwamba fundi wa suti hana ufundi.

Shule aliyoisikia binti ni ya kweli. Ilianzishwa Paris mwaka 1895 na Marthe Distel, mwandishi wa habari aliyekuwa akitoa jarida la mapishi, ambaye aliwaandalia wasomaji wake masomo yaliyofundishwa na wapishi stadi. Kwa upande wa hoteli Uswisi ilikuwa imetangulia, kwani shule ya Lausanne ilifunguliwa mwaka 1893. Ya Marekani ndiyo inayonigusa zaidi mimi mtu wa Kivu: Culinary Institute of America ilianza mwaka 1946 katika mji wa New Haven kwa ajili ya askari waliorudi kutoka Vita vya Pili vya Dunia, na ilihamia Hyde Park, katika jimbo la New York, mwaka 1972. Watu wale waliona kwamba kijana aliyetoka vitani anahitaji ufundi ambao utamlisha upesi, nao waliutafuta ufundi huo jikoni. Tunao vijana wengi wa namna hiyo hapa, walioacha mashamba na shule zao kwa sababu ya vita, na sijui jambo jingine ambalo lingewafaa haraka hivyo kwa gharama ndogo kama jiko la mafunzo lililoandaliwa vizuri.

Hata hivyo, kwa binti wa miaka 19 ambaye bado hajasimama saa 10 mfululizo mbele ya moto, singeanza na Paris. Masomo yale ni ya bei kubwa sana, bado kuna viza na nyumba, na wanaofaidi zaidi ni wale wanaofika wakiwa tayari wameshika kisu kwa miaka. Shauri la kaka yako lina uzito. Nairobi kuna Kenya Utalii College, iliyofunguliwa mwaka 1975 kwa msaada wa Uswisi, na mahoteli ya Afrika Mashariki yamejaa watu waliopita pale. Uganda nayo ina chuo chake cha hoteli na utalii kule Jinja. Nchi yetu ya Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, kwa hiyo njia hizo si za kigeni kama zilivyokuwa zamani. Kizuizi chake kikubwa ni lugha: masomo yote huko ni ya Kiingereza, na mtoto aliyesoma kwa Kifaransa tangu darasa la kwanza atateseka mwaka mzima kabla hajafurahia chochote. Aanze Kiingereza leo, hata kama ataondoka baada ya miaka miwili.

Na kabla ya hapo, aanzie Bukavu. INPP, taasisi ya serikali ya mafunzo ya ufundi iliyoundwa mwaka 1964, ina matawi mikoani. Nenda kaulize fani zinazofunguliwa mwaka huu na kama upishi umo. Wakati huo huo mtafutieni jiko la kweli atakalofanyia staji, yaani mafunzo ya kazini. Ufaransa wenyewe, kwenye cheti chao cha kwanza cha ufundi wa upishi kiitwacho CAP, wana njia ambayo kijana anagawa muda wake kati ya shule na mwajiri, akiwa huku kwa siku kadhaa na kule kwa siku kadhaa hadi mtihani. Ningependa tuige hilo kabla ya kuiga sosi yoyote.

Mwalimu wa Lishe, Ibanda

Ninafundisha lishe, na ningependa kuongeza jambo katika yale yaliyosemwa kuhusu sombe, kwa kuwa baadhi ya wasomaji wanaweza kudhani kwamba ni suala la fahari ya utamaduni tu. Ni suala la usalama pia.

Majani ya muhogo na mizizi yake yana kitu ambacho, majani yanapopondwa, kinavunjika na kutoa sayanidi. Mama zetu wanaponda sombe kwanza, halafu wanaichemsha kwa muda mrefu, na mara nyingi huacha sufuria wazi mwanzoni. Kila hatua ina sababu: kuponda kunaifungua sumu kutoka ndani ya jani, na kwa kuwa sumu hiyo inageuka mvuke kwa urahisi sana, moto unaifukuza mradi mfuniko usiizuie. Mpishi wa hoteli ambaye, ili kuhifadhi rangi ya kijani, anaikatakata sombe kwa kisu na kuipitisha motoni dakika 15 kama mchicha, ameondoa ulinzi wote ambao bibi zake walimwachia. Muhogo mchungu ni hivyo hivyo. Huloweshwa siku tatu au zaidi kabla ya kuanikwa na kusagwa. Ugonjwa wa konzo, unaopoozesha miguu ghafla na hasa unawapata watoto na wanawake, ulielezwa na madaktari kwa mara ya kwanza katika nchi yetu mwaka 1938 kule Kwango, na jina lake ni la lugha ya Kiyaka. Unawapata watu wanaoishi kwa muhogo mchungu peke yake, ulioandaliwa kwa haraka wakati wa njaa.

Maharagi mekundu nayo yana sumu yake, ambayo hutoweka yakichemshwa kwa nguvu walau dakika 10, ingawa wengi hushauri 30. Hatari ni pale mtu anapoyaacha kwenye moto hafifu yasichemke vizuri hata mara moja. Natamani kuona shule ya upishi ambayo mtihani wake wa kwanza ni huu: mwanafunzi apike sombe na maharagi mbele ya waamuzi, na aeleze kwa maneno yake sababu ya kila hatua.

Kijana wa Keshero

Yaya (kaka) Mpishi, mimi nipo ndani ya hayo unayoyasema. Nimekuwa kwenye staji miezi minane katika jiko moja la mji huu. Sijalipwa, wala hilo si shida yangu kubwa, kwa sababu nilikubali. Shida ni kwamba tangu siku ya kwanza namenya vitunguu na kuosha sakafu, na nikiomba kusimama kwenye jiko naambiwa nisubiri. Je, niondoke au nivumilie?

Mpishi wa Himbi

Mdogo wangu, kuosha na kumenya si aibu. Mimi nilipita hapo. Lakini staji ina mwanzo na mwisho, na katikati yake ina ngazi. Ngoja nikueleze jiko lilivyopangwa, maana wengi wanafanya kazi ndani ya mpango huu bila kuambiwa umetoka wapi.

Auguste Escoffier, Mfaransa aliyeishi kati ya 1846 na 1935, alipikia jeshi la nchi yake katika vita vya mwaka 1870. Baadaye, alipoongoza majiko ya mahoteli makubwa, hasa Savoy ya London, aliyapanga kama kikosi: huyu anashika michuzi, huyu nyama za kuchoma, huyu samaki, huyu mboga, huyu vyakula baridi, na juu yao wote sefu mmoja na msaidizi wake. Chini ya kila sehemu yuko komi anayejifunza. Uzuri wa mpango huo kwa mwanafunzi ni kwamba komi huzungushwa. Anakaa kwenye mboga miezi kadhaa, anapelekwa kwenye baridi, kisha kwenye nyama, hadi azijue sehemu zote. Asipozungushwa anageuka mfanyakazi wa bure, hata kama anaitwa mwanafunzi.

Kwa hiyo nenda kwa sefu wako asubuhi kabla kazi haijaanza, si wakati wa sahani kutoka, umwombe kwa heshima mambo mawili: akuandikie tarehe ya mwisho ya staji, na akuambie ni sehemu gani utakayopewa mwezi ujao. Akikubali, vumilia na ufanye kazi kuliko wote. Akikasirika kwa kuulizwa tu, basi amekwisha kukujibu. Na hiyo miezi minane ya vitunguu usiihesabu kuwa hasara yote. Kama unaweza kumaliza kilo 10 kwa vipande vinavyolingana bila kujikata, mkono wako una jambo ambalo yule kijana wa sertifika nyekundu hakuwa nalo.

Mhasibu wa Lubumbashi

Naandika kutoka Lubumbashi, ambako kazi yangu ni kuzisaidia nyumba za chakula kuweka hesabu zao. Mwanzisha uzi ametaja bei kama kipimo cha nne, na mimi nakaribia kusema ndiyo ya kwanza, kwa sababu nimeona wapishi hodari wakifunga milango huku ukumbi umejaa wateja.

Kosa ni lile lile kila mahali. Mpishi anahesabu bei ya sokoni na kusahau kinachotupwa. Chukueni mfano wa ngege. Tuseme kilo moja ya samaki mzima ni dola 4. Ukiondoa kichwa, miba, ngozi na matumbo ili utoe mnofu mtupu, unabaki na karibu theluthi moja tu. Maana yake kilo ya mnofu haikugharimu dola 4, imekugharimu dola 12, na kipande cha gramu 180 ni zaidi ya dola 2 kabla hujatia mafuta, limau, ndizi wala makala (mkaa). Mahoteli mengi hujitahidi malighafi zisizidi karibu theluthi ya bei ya sahani; kwa hiyo sahani hiyo, pamoja na vitu vyake vingine, haiwezi kuuzwa chini ya dola 8 au 9. Mpishi wangu mmoja aliiuza kwa 5, akashangaa kwa nini kila mwisho wa mwezi alikopa ili alipe mishahara.

Dawa yake ni karatasi moja kwa kila sahani, inayoandika uzito unaonunuliwa, uzito unaobaki baada ya kusafisha, bei ya kila kitu, na idadi ya sahani zinazotoka. Kazi hiyo inachukua saa moja. Mahali kama Lubumbashi, ambapo unga wa bukari (bugali) unapanda na kushuka bei kulingana na malori yanayopita Kasumbalesa, mpakani na Zambia, karatasi hizo zirudiwe kila mwezi. Shule ambayo haimfundishi mwanafunzi kuijaza karatasi hii inamtayarishia madeni.

Mpishi wa Himbi

Ahsante sana, ndugu mhasibu. Mfano wako wa samaki umenipa jambo la kusema, kwa maana unaonyesha gharama ya kuiga bila kufikiri. Kutoa minofu tulijifunza kwa Wazungu, ambao wateja wao hawapendi kuona jicho la samaki. Mteja wetu anataka samaki mzima na kichwa chake, na ukimletea bila kichwa atauliza nani amekila. Kwa hiyo samaki wetu wa kuchoma anatumika karibu wote, na bei yake inaweza kuwa ya haki kwa pande zote mbili. Mwanafunzi ajue kutoa minofu, ndiyo, lakini ajue pia kwamba kila mnofu anaoutoa unapandisha gharama mara tatu, na vichwa na miba aviingize kwenye sufuria ya supu.

Nirudi kwenye joto, kwa sababu hapo ndipo watu wanapougua. Mpango wa usalama ambao mahoteli mengi makubwa yanautumia, unaoitwa HACCP, ulizaliwa katika miaka ya 1960 wakati kampuni ya Pillsbury ilipotayarisha chakula cha wanaanga pamoja na NASA na maabara za jeshi la Marekani. Mtu akiharisha angani hakuna wa kumsaidia, kwa hiyo hawakuweza kungoja kukagua chakula mwishoni. Walitafuta, hatua kwa hatua, ni wapi hatari inaweza kuingia, na wakaweka kipimo mahali hapo. Ukiusikiliza vizuri, mpango huo haudai mashine za bei. Unadai mtu aliyeacha kubahatisha.

Sasa tazameni harusi zetu. Wali unapikwa saa 4 asubuhi, unafunikwa katika sufuria kubwa, unabebwa hadi ukumbini, maharusi wanachelewa, hotuba zinafuatana, na watu wanapakua saa 2 usiku. Shirika la Afya Duniani linasema wazi: chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa 2 katika joto la kawaida la chumba, kiwekwe chini ya nyuzi 5 au kibaki juu ya nyuzi 60. Wali ndio unaodanganya kuliko vyote, kwani iko bakteria ambayo mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukipoa polepole ndani ya sufuria nene, mbegu hizo zinaamka, zinaongezeka na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata wali ukipashwa moto tena. Nimemsikia mpishi akisema, «Tutaupasha tu.» Hapana, haisaidii. Apike wali kwa mafungu, fungu la mwisho likitoka motoni saa ambayo wageni wanasimama. Na kama lazima upikwe mapema, autandaze kwenye sinia pana ili upoe upesi, kisha auingize kwenye baridi. Umeme ukikatika, asifungue friji kila dakika kuangalia kama bado ni baridi.

Huko Kituku, kwenye ufuko wa ziwa hapa Goma, asubuhi sambaza zinafika zikiwa bado zinang'aa, na wanawake wanazikimbiza sokoni kwa sababu wanajua kwamba kufikia mchana zitakuwa zimelainika. Hakuna aliyewasomesha habari za bakteria. Lakini wanashika saa kuliko baadhi yetu tuliovaa koti jeupe.

Kijana wa Keshero

Nimezungumza na sefu jana asubuhi. Amekaa kimya kidogo, halafu akaniambia Jumatatu naanza kwenye mboga, na staji inakwisha baada ya miezi miwili. Hajaandika, ila amelisema mbele ya wote.

Mama wa Kadutu

Papa, narudi na habari mbili. Ya kwanza ni njema: tumezunguka shule mbili za hapa Bukavu mimi na binti, na nimefanya kama ulivyosema, nimeomba jiko. Ya kwanza walituambia jiko linafanyiwa ukarabati. Ya pili tulikuta wanafunzi 12, majiko manne, mwalimu mwanamke mwenye mikono iliyoungua, na mizani mbili. Baba yake alikuja nasi, na alipomwona mwalimu yule akimrudisha mwanafunzi kupima chumvi upya, alinyamaza. Binti anaanza wiki ijayo.

Ya pili inanisumbua. Tulimnunulia kipimajoto, na fundi wa duka alisema ni kizuri. Jana tumekijaribu nyumbani. Kwenye maji yenye barafu kilisoma 0 kabisa, lakini kwenye maji yanayochemka kwa nguvu juu ya mbabula (jiko la makala) hakikuvuka 95. Tumeongeza makala, bado 95. Shuleni walitufundisha maji yanachemka kwa nyuzi 100. Je, tumedanganywa dukani?

Mpishi wa Himbi

Mama, hamkudanganywa, kipimajoto ni kizima. Kimesoma 0 kwenye barafu, na huo ndio mtihani wa kukiamini.

Maji huchemka kwa nyuzi 100 yakiwa usawa wa bahari. Bukavu na Goma ziko karibu mita 1,500 juu, hewa inayokandamiza maji ni nyepesi zaidi, na hivyo yanachemka mapema, karibu nyuzi 95. Lubumbashi, iliyo karibu mita 1,200, ni karibu 96. Kuongeza makala kunafanya maji yakauke upesi tu. Joto lake halipandi. Kwa kuua vijidudu, ukiacha zile mbegu za kwenye wali, hakuna shida, kwa kuwa nyuzi 70 katikati ya chakula zinatosha. Shida iko kwenye muda. Mwaka wangu wa kwanza wa darasani nilipewa maharagi ya karamu, nikafuata kwa uaminifu muda ulioandikwa kwenye karatasi iliyotoka Ulaya, na wageni waliyasukuma kando ya sahani kwa sababu yalikuwa magumu. Nilikaripiwa, na aliyenikaripia hakujua sababu zaidi yangu. Muda ule uliandikwa na mtu ambaye maji yake yalikuwa na nyuzi tano zaidi ya yangu.

Mwambie binti aandike 95 kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lake. Kisha kila pishi la kuchemsha atakalopewa, aliweke motoni mwenyewe akiwa na saa mkononi, na muda wa Bukavu auandike kando ya ule wa karatasi. Aanze na maharagi, yaliyoloweshwa usiku kucha.